Tundu la Nyuma ya Benchi

Harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji inanijaza mate hadi leo. Juzi jirani yangu hapa Bweri alikuwa anakoroga ya kwake kwenye pipa, nikasimama kuinusa, mtu mzima mimi. Basi niwaambie tu: nilikuwaga nakula ukuta.

Ulikuwa ukuta wa nyumba yetu, kwenye mtaa wa zamani wa Musoma mjini. Kila mwaka kabla ya Idi, Baba aliupaka chokaa, kama babu alivyofanya. Mimi nilijificha nyuma ya benchi la barazani, nikakwangua kwa kijiko na kulamba, mpaka likawa tundu la kuingia ngumi.

Mwaka ule tukasikia mtaa utabomolewa, lijengwe soko la ghorofa. Wazee wakalalamika, na watu wa mambo ya kale wakaahidi kuja: mtaa ukionekana wa kale kweli utalindwa, la sivyo tutahama. Mwalimu alituambiaga Mji Mkongwe wa Unguja ni urithi wa dunia nzima. Sisi tuliomba walau nchi yetu itujue.

Majirani wakaona aibu kupokea wageni na nyumba kuukuu. Wakapiga plasta ya simenti na rangi ya mafuta, nyumba zikang'aa kama za jana. Baba naye akakoroga simenti, akavuta benchi, akaliona tundu.

"Wewe panya, nyumba umeimaliza. Wageni tutawaonyesha nini?"

Akachuchumaa, akachungulia, akanyamaza muda mrefu. Kisha simenti yote akaimwaga kwenye shimo la barabarani.

Mama mkaguzi alipita zile nyumba za kung'aa akitikisa kichwa. Kwetu akaingiza kidole tunduni, akahesabu matabaka ya chokaa hadi kwenye jiwe, hesabu ikampotea, akaanza upya.

"Nani kachimba hapa?"

"Binti yangu. Ugali tunampa, mama, ila ukuta ameupenda zaidi."

Mkaguzi akacheka, akarudi kukwangua kidogo kila nyumba, akitafuta chokaa ya kale chini ya simenti. Siku kibao cha urithi kilipopigiliwa, vigelegele vilitoka kona hadi kona.

Nilijisifuga kwamba mtaa niliuokoa mimi. Sina hakika, na tusiwacheke majirani, walitaka kuwaheshimu wageni.

Hata ule ukimya wa Baba nilidhani ni hasira. Bibi alisemaga babu aliipaka nyumba yote buluu siku Baba alipozaliwa, na hakuna aliyemwamini, hata Baba. Nilikuwa nimeshazaa wa kwangu nilipokumbuka kwamba ndani kabisa ya lile tundu, karibu na jiwe, palikuwa na mstari mmoja wa buluu.