Karatasi ya Tanzia ya Mamduha

Mji mzima wa Homs, huko Syria, ulimjua Wadii Turkmani kwa kubandua karatasi za tanzia ukutani. Matanga yakishaisha tu, huyo, na kisu chake na chupa ya maji moto. Wapo waliomwita nuksi. Wala hakujali. Alikuwa na makasha arobaini ya karatasi hizo, na mji wote umo humo: nani kamzaa nani, nani kaoa wapi, mtaa upi ulihama na vita.

Kilichomkera ni wanawake. Mwanamume hufa na jina lake na la ukoo wake. Mwanamke hufa "mke wa fulani, mama wa fulani", basi. Kila siku alinung'unika mezani, mpaka mkewe, Mama Nizar, akiwa hoi kwa maradhi, akambana.

"Mdomo unao, mzee. Haya, nikifa liandike jina langu peke yake. Usinitie mke wa mtu."

"Nitaliandika," akasema Wadii, machozi yakamtoka.

Mama Nizar alifia hospitali huko Damasko, akazikwa kwao hukohuko. Kaka yake Wadii alimwambia wazi kwamba anatafuta aibu. Wadii hakumsikiliza. Alizunguka mtaa akibandika mwenyewe: Mamduha binti Rashid Sawwaf, na ukumbi wa matanga. Basi.

Siku ya kwanza walikuja ndugu watatu, kahawa ikapoa. Siku ya pili hivyohivyo. Roho ilimuuma Wadii. Maskini Mama Nizar, nani mtaani hakula chakula chake? Leo hata wa kumhani mumewe hakuna! Akatoka na hasira zake hadi mlango wa pili, kwa Mama Fayiz, aliyekuwa akimenya biringani, akamuuliza yeye na mkewe wamewakosea nini majirani.

Mama Fayiz alishangaa. Karatasi aliiona, hata akamwombea rehema huyo Mamduha asiyemjua. Kwani ni nani wake?

"Ni Mama Nizar."

Kisu kilimdondoka. Mtaa ulisikia kilio chake, na kabla ya magharibi ukumbi ulifurika watu mpaka barabarani.

Walipopungua, Mama Fayiz alimfuata Wadii mlangoni pa ukumbi, macho mekundu.

"Miaka ishirini na sita nakunywa kahawa yake, Baba Nizar, na sikumuuliza jina hata siku moja." Akajifuta kwa mtandio. "Mimi ni Sabiha. Sabiha binti Darwish. Liandike sasa hivi. Na chini yake uweke mama yake Fayiz, wasije wakanipita na mimi."