Povu Lililopanda Mlima

Asubuhi moja kijito chetu kiliamka na povu. Jeupe, zito, linaelea kama kondoo wasio na miguu.

Habari nilizisambaza mimi. Kijijini kwetu, jambo nisilolisambaza halijatokea.

Sasa, juu yetu kuna maporomoko. Watu wa mjini huja kupanda na kuogelea, na tangu waanze kuja kijiji kimechangamka. Mwenye kuku anauza mayai, mwenye pikipiki hapumziki. Mimi nikageuza nyumba yangu kuwa ya wageni. Vyumba vitano, shuka nyeupe pe.

Ila kuna wanaokuja na mahema. Wanalala kando ya kijito, wanapika wenyewe, hata chai yangu hawanunui. Hao walikuwa wamenikaa kooni.

Kwa hiyo nilipoona povu, moyo ulicheka.

"Ni wa mahema," nikawaambia wanawake waliokuja na ndoo. "Wanaogea sabuni kwenye maji ya kunywa. Nimewaona kwa macho yangu haya."

Sikuwa nimeona kitu. Nilitia chumvi tu.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. Nikasimama wa kwanza.

"Atakayebainika kutia sabuni kijitoni afungiwe shughuli zake, aondoke."

Mikono yote juu. Ikapita.

Kiongozi wa mahema, mwalimu mstaafu mwenye viatu vya matope, akainuka taratibu.

"Mkisema tuondoke, tutaondoka. Ila povu limeshuka na maji. Tulifuate kwanza linakotoka."

"Twende," nikadakia. "Mwizi kaomba aonyeshwe nyayo zake."

Nikatangulia. Kijiji kizima nyuma yangu, raha tupu.

Tukafika kwenye mahema. Tukayapita. Povu bado lipo, tena limenenepa.

Mwenyekiti akanitazama.

"Labda linapanda mlima," nikasema.

"Povu la wifi yangu lina miguu," akasema wifi, dada wa mume wangu. Watu wakaangua kicheko.

Tukakata kona ya mwisho.

Huyo hapo dobi wangu. Suruali kaikunja hadi magotini, anakanyaga shuka kwenye maji huku anapiga mluzi. Vichaka vyote vimeanikwa shuka, nyeupe pe.

Ni mimi niliyemkataza kufulia uani, wageni wasione matope. Nikamwambia atafute pa kufulia, pawe popote. Sikuuliza wapi.

"Shikamoo mama," akasema. "Umeniletea sabuni? Lile gunia limekwisha."

Nilitamani kijito kinimeze, na povu lake.

"Wifi," akasema yule wifi, "si uliwaona kwa macho yako? Hebu tuonyeshe."

Mwenyekiti akakohoa. "Azimio limepita. Afungiwe."

Vyumba vile ndivyo vinavyotulisha.

Aliyenitetea ni yule mwalimu.

"Mkimfungia, wageni watalala wapi? Wote waje na mahema? Kijito kitakufa kabisa. Mpeni wiki moja achimbe shimo la maji machafu, mbali na hapa."

Nikampigia magoti palepale, mbele ya watu wote.

Shimo nilichimba, mimi na dobi, wifi akiwa amekaa juu ya jiwe anatusimamia kwa vicheko.

Ndugu yangu, mgeni akichafua, mwambie. Ila kabla hujamnyooshea kidole, panda kwanza mpaka juu, ujue dobi wako anafulia wapi.