Mbeleko Iliyokazwa

Fundi cherehani wetu wa Mafinga alipimia watu barazani, na kila kipimo alikitaja kwa kelele ili binti yake aandike. Wasichana tisa wa kipaimara tulipanga foleni, mimi wa mwisho. Kifua changu kilikuwa kimeota kulia tu. Kushoto bapa kabisa, na huko nilikuwa nimeshindilia soksi mbili. Nilijiambia hakuna anayejua. Heri nikose kipaimara kuliko wenzangu wajue.

"Haya, wewe! Mikono juu!"

Tepu ikazunguka. Kidole chake kikagusa soksi, kikasimama. Jamani, nilijua nimekwisha.

"Themanini!" akapaza sauti. Halafu akaninong'oneza, "Siku ya ibada soksi ziache nyumbani. Nitashonea pamba ndani ya gauni. Mama yako alishapita hapa."

Nilifika nyumbani nikiwaka. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Umenitangaza, mama!"

"Nimemwambia yeye tu."

"Na wewe nani alikuambia?"

"Nani aniambie? Si mimi niliyekuogesha?" Akaweka kisu chini. "Ni mbeleko, mwanangu. Nilikuwa nachuma chai nimekubeba mgongoni. Nilikukaza mno, upande huo ukabanwa. Niliogopa utadondoka. Nisamehe."

Nilimwamini, na wala sikumsamehe. Miaka mingi nilimwekea kinyongo.

Nilipojifungua binti yangu, hapa Mbeya, mama akaja kunisaidia. Alimwogesha mtoto, akampakata, akamwimbia. Kumbeba mgongoni? Katakata. "Mgongo unaniuma," anasema, na ndoo ya maji anainyanyua mwenyewe! Nilichukia kweli, nikaona hampendi mwanangu.

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto kliniki, nikajikaza nikamweleza daktari habari ya mbeleko, nikamwuliza kama naye atakuwa kama mimi. Akanipima, akampima na mtoto. Mtoto hana shida. "Wewe ulizaliwa hivi," akasema. "Msuli wa kifua upande huu haukuumbika tangu tumboni. Mbeleko haiwezi kufanya hivyo hata siku moja."

Nilimpigia mama nikiwa bado kwenye benchi la pale nje.

"Mama, si mbeleko. Nilizaliwa hivi."



"Daktari kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mama."

Nikamsikia anapenga kamasi.

"Basi unangoja nini huko?" akasema. "Mlete huyo mtoto nimbebe."