Mvua ya Butiama, Mitaro ya Iringo

Hyasinta alikuwa nyapara wa mitaro mjini Musoma tangu enzi za foleni za sukari. Alianza na watu ishirini. Wafanyakazi walipopunguzwa akabakiwa na watano na mikokoteni miwili. Nayo biashara ilipofunguliwa, mifuko ya rambo ilijaa mtaa wa Iringo, na yote iliishia mitaroni.

Masika ya mwaka tisini na sita alikosea. Mawingu yalimdanganya, akapeleka watu wake upande wa soko la samaki, kumbe maji yanavamia maduka ya Iringo. Nassibu, muuza vitambaa, alipoteza majora yake yote ya chini. Hakumtukana. Alimtazama tu, na kutazamwa kule kulimuuma Hyasinta kuliko matusi.

Mwaka huohuo Injinia Apolinary, mkuu wake wa kazi, alirudi kutoka kozi ya Ulaya.

"Wenzetu wana rada, mama," alimwambia.

"Inaonaga nini hiyo?"

"Mvua ilipo, ukubwa wake na inakoelekea. Wanajua mtaro upi uzibuliwe kabla tone halijaanguka."

"Basi, hayo tu?"

"Hayo tu. Lakini sisi tutaitoa wapi? Sahau."

Hakusahau. Mdogo wake Ghati alikuwa karani wa posta Butiama. Nassibu alikuwa na simu dukani, na shemeji yake wa Bunda vilevile. Hyasinta akawaomba: mvua ikianza kwenu, pigeni simu, semeni saa, ukali na upepo unakovuma. Kila ilipofika mjini, yeye aliandika saa yake daftarini. Msimu mzima wa kuandika ukamfunza jambo: mvua ya mchana ikipiga Butiama na upepo ukitoka mashariki, Iringo inafikiwa baada ya kama saa moja.

Alhamisi moja ya Novemba tisini na saba, jua likiwaka, simu ya Nassibu ililia saa saba na nusu, na Hyasinta, aliyekuwa dukani, akaipokea.

"Dada, huku sioni hata barabara!" Ghati alipaza sauti. "Ina mawe, na upepo unaisukuma kwenu!"

Wakapiga Bunda. Kukavu; basi mvua ilikuwa moja tu, ile ya Butiama. Hyasinta hakungoja zaidi. Aliwakusanya watano wote kwenye kalavati kubwa la Iringo, akaingia mwenyewe, maji machafu yakimfika magotini. Waling'oa nondo za chujio, wakatoa rambo, magunzi na godoro zima.

"Mama, na jua lote hili?" wachuuzi walicheka.

"Chekeni huku mnainua magunia!"

Nassibu alikuwa kashapandisha majora yake juu ya meza.

Saa nane na nusu mvua ilishuka kama iliyomwagwa. Maji yalipanda hadi ukingo wa mtaro, yakatulia hapo kitambo. Kisha kalavati likanguruma, likayavuta yote kwenda ziwani. Hakuna sakafu ya duka iliyolowa. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele, na Nassibu akatoka nje kwenye mvua na kofia yake nyeupe, akamshika mikono yote miwili.

Apolinary alifika, akalisoma daftari barazani kwa Nassibu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, unataka nini?"

"Watu watano. Kati ya wale walioachishwa. Nawajua majina na wanakokaa."

Injinia akafunga daftari. "Jumatatu waje."

Hyasinta akakaa kwenye ngazi, akavua buti moja, akamwaga maji na kisamaki kimoja kilichokuwa bado kinarukaruka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.