Jibu Lililopitishwa na Wazee

Jumamosi ya kuandaa meza ya Bwana, kanisa letu la Buruburu lilinukia nta nyekundu. Akina mama walipiga magoti tangu asubuhi wakiisugua sakafu kwa matambara yaliyokatwa kutoka sweta kuukuu, na harufu ile ikatoka mlangoni, ikavuka ua wa michongoma, ikaingia katika nyumba zetu na kuchanganyika na ya mandazi na ya moshi wa mabasi ya Barabara ya Jogoo. Mtaa ulikuwa bado mpya siku hizo. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, kama walivyokuwa baba wengi wa pale, na nyumba yetu ilikuwa na kijibustani ambacho Shosho, mama yake baba, alikigeuza shamba la sukuma wiki na viazi kabla hata mapazia hayajatundikwa. Sisi watoto tulijua kwamba harufu ya nta ikishafika sebuleni, mchezo umekwisha. Viatu vilipakwa rangi, nywele zilisukwa, na saa ya katekisimu ilikuwa karibu.

Mwalimu wetu wa katekisimu aliitwa Eliudi. Alikuwa karani wa reli, mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti iliyofika kila pembe bila kupanda. Alifundisha kama alivyofundishwa yeye. Aliuliza swali lililoandikwa, na mtoto aliyetajwa alisimama, mikono nyuma, akatoa jibu lililoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza neno. Mungu ni nani? Dhambi ni nini? Watu wengi wa siku hizi huicheka njia hiyo, lakini mimi sicheki. Imani niliyo nayo leo ilijengwa hapo, jiwe juu ya jiwe, na usiku wa majonzi yangu ya utu uzima majibu yale yamenijia yenyewe kabla sijajua niombe nini. Ila yalitufundisha na jambo jingine ambalo Mwalimu hakulikusudia. Tuliamini kwamba hakuna swali lisilokuwa na jibu lake, na kwamba majibu yote yalikwisha kuandikwa na watu wazima.

Shosho aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Alifika mapema kuliko wote, akaimba nyimbo zote bila kitabu, lakini sahani ya mkate ilipopita, mzee wa kanisa aliyeibeba alifika benchi la mbele yake kisha akageuka. Tangu nipate akili ilikuwa hivyo, nami nilidhani benchi lile ni la wapenda upepo. Tena ilikuwapo desturi ya kadi. Wiki ya meza ya Bwana, mzee wa mtaa wetu, Mzee Nahashoni, alipita nyumba kwa nyumba akiwagawia washiriki kadi ndogo ya kijani, na bila kadi hiyo mtu hakula mkate. Kwetu alikuwa akimpa baba kadi, akampa mama kadi, halafu akageuka kupokea chai kutoka mikononi mwa Shosho. Aliisifu chai hiyo kila mara. Shosho alishukuru, akarudi jikoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini masikio ya mtoto husikia kelele tu.

Mwaka ninaousimulia, kanisa letu lilikuwa likijiandaa kwa sikukuu kubwa ya kukumbuka miaka tangu wamisionari walipoleta Injili katika milima ya kwetu. Wakati huo huo vijana waliokuwa wakirudi kutoka chuo kikuu walianza kuuliza maswali kwenye mikutano. Waliuliza ardhi za misheni zilipatikanaje. Waliuliza kanisa lilikuwa upande gani wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowakamata watu waliokula kiapo cha kudai ardhi na uhuru. Wazee hawakupenda makelele, na si kwamba walikuwa watu wabaya. Walikaa katika baraza lao, wakayakusanya maswali yale magumu, wakayatungia majibu kwa mtindo wa katekisimu, ili siku ya sikukuu watoto wayakariri mbele ya wageni na mambo yaishe kwa amani. Mwalimu Eliudi aliyagawa maswali hayo kwetu sisi tuliokuwa tukingoja kupokelewa mezani kwa mara ya kwanza. Alituambia kwa upole kwamba atakayeshindwa kujibu siku hiyo atangoja mwaka mwingine. Mimi nilipewa swali la tano.

Swali lilisema: Je, wakati wa Hali ya Hatari, kanisa liliwatenga watoto wake na meza ya Bwana? Na jibu lilisema: Kanisa halikumtenga mtu. Waliokosa mezani walikosa kwa hiari yao wenyewe, na mlango ulikuwa wazi daima. Lilikuwa jibu fupi, tamu mdomoni, nami nililishika kabla hatujatoka darasani. Nje, jirani yetu mmoja aliyeitwa Joni, mvulana asiyeweza kumeza neno, alinikuta naruka kamba huku nalikariri. "Wee, umepewa swali ya shosho yako," akaniambia. "Si yeye ndiye wa benchi ya mlango?" Wenzake wakacheka. Sikuelewa, lakini nilihisi aibu, maana kwa desturi yetu mimi ndiye niliyebeba jina la Shosho, na anayembeba mtu jina huchomwa na kila linalomchoma.

Nilimkuta jikoni akichagua maharagwe. Sikumuuliza kitu. Nilisimama mikono nyuma nikamkariria, kama nilivyozoea kumkariria mafungu yangu yote, kwa kuwa hakujua kusoma na alipenda kusikiliza. Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Akaniomba nirudie, nikarudia. Ndipo akanieleza, kwa sauti ile ile ambayo angenielezea bei ya viazi. Alikuwa mke kijana kijijini. Alikula kiapo usiku mmoja pamoja na wanawake wenzake, katika nyumba ya mmoja wao. Wazee wa kanisa walipowaita watu kutubu, alikwenda, akasimama mbele ya kanisa lote, akasema alikula. Hilo hawakulikataa. Lakini walimtaka ataje aliokula nao, na ilijulikana kwamba majina yaliyotajwa kanisani jioni yalifika kwa polisi asubuhi. Akanyamaza. Wakamwambia arudi atakapokuwa tayari. Alirudi kila Jumapili, miaka yote hiyo, lakini majina hakurudi nayo, na alipohamia Nairobi kwa mwanawe, hukumu ilihama pamoja naye.

Nikamwambia basi sitalisema jibu lile, hata wakinikataa. Nilidhani angefurahi. Aliuweka ungo chini akanishika kidevu. "Utapokelewa mezani mwaka huu," akasema. "Mtu mmoja nje ya meza anatosha nyumba hii." Usiku nilikosa usingizi, maana sikuona njia. Nikilisema jibu, ningekuwa nimemkana Shosho mbele ya watu waliomjua. Nikikataa, ningemvunja moyo kwa lile moja alilolitamani kuliko hata mkate wenyewe, yaani kuniona mimi nikiula. Nilimwendea Mwalimu Eliudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta, akasema jibu likishapitishwa na wazee halibadilishwi na mwalimu, sembuse mwanafunzi. Lakini sauti yake safari hii haikufika pembeni mwa chumba.

Siku chache kabla ya sikukuu Mzee Nahashoni akaja na kadi zake. Akampa baba, akampa mama. Kisha, kwa kuwa alinipenda, akaniambia nisimame nimkaririe swali langu, kwani yeye alikuwa mmoja wa waliolitunga jibu. Nilisimama. Nikaanza vizuri. Nilipofika kwenye yale maneno ya hiari, sauti ikakatika. Shosho alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi.

"Mzee," akasema, "swali mmeliuliza vizuri. Jibu mngekuja kuniuliza mimi. Mmekuwa mkinywa chai hapa miaka yote hii."

Mzee Nahashoni akamwambia, mama, jambo hilo limekwisha kupitishwa.

"Basi mlipitishe tena," Shosho akajibu. "Mimi nimekaa mlangoni na sijalalamika. Lakini mtoto huyu msimlishe uongo kabla hamjamlisha mkate."

Baba alitazama zulia. Kwa nyumba yetu, kumjibu mzee wa kanisa hivyo lilikuwa jambo lisilosikika, na nilidhani radi itapiga. Haikupiga. Shosho alimmiminia mgeni chai yake, akaongeza sukari kama alivyoipenda, akarudi jikoni. Mzee Nahashoni hakuinywa. Aliketi akiishika kadi moja ya kijani kati ya vidole, akiigeuza upande huu na huu, kisha akaiweka mfukoni, akaaga.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka uani. Wageni walitoka milimani kwa mabasi, na nyuma ya kanisa akina baba walikuwa wakichinja mbuzi walionunuliwa soko la Kiamaiko. Tulisimama mstari mmoja, na Mwalimu Eliudi akauliza la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameniambia lolote. Akauliza la tano. Nilifungua kinywa, na kabla sijajua kitakachotoka, Mzee Nahashoni akasimama kwenye viti vya wazee akasema swali hilo si la mtoto, atalijibu yeye kwa niaba ya baraza. Akasema kanisa liliwatenga watoto wake. Akasema wengi wao hawakukataa kutubu, walikataa kuwauza wenzao. Akasema yeye mwenyewe alikuwa kijana katika baraza moja la wakati ule, na aliinua mkono kuikubali hukumu. "Tulijifunza kuuliza majina," akasema, "tukasahau kuuliza habari za Mungu." Halafu akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja mgeni alitoka nje na hakurudi. Mwalimu akaendelea na la sita, na msichana aliyefuata akajibu habari za ujenzi wa shule. Mimi nikapokelewa, na nilipoumeza ule mkate niligeuka nikamwona Shosho akinitazama kana kwamba ndiye anayetafuna.

Lakini kilichonifunza zaidi kilitokea miezi mitatu baadaye, kadi zilipogawiwa tena. Mzee Nahashoni alimpa baba, akampa mama, akanipa mimi, kisha akasimama, maana alikuwa mtu wa adabu, akamnyooshea Shosho kadi yake kwa mikono miwili. Shosho hakuipokea. Alimwambia aiweke mezani kwanza, aketi. Akamwambia hawezi kurudi peke yake. Wale wanawake wa usiku ule, baadhi yao walikamatwa kwa njia nyingine, wengine walihama, wengine waliacha kanisa kabisa, na walioketi milangoni pa makanisa ya kijijini bado walikuwa wameketi huko.

"Mliniomba majina yao ili muwatoe," akasema. "Nilikataa. Sasa nitawapa, ili muwarudishe."

Akaanza kuyataja. Jina la mwanamke, la baba yake, na kijito alichokuwa akichota maji. Mzee Nahashoni alirudia kila jina baada yake, polepole, kama tulivyokuwa tukirudia sisi kwa Mwalimu, na alipokosea Shosho alimsahihisha. Baba, ambaye hakuwahi kuyasikia majina yale hata siku moja, alikuwa akilia bila kujificha. Majina yalipokwisha, Shosho akaichukua kadi. Jumapili ile hakuhama benchi lake. Mzee wa sahani ndiye aliyelazimika kutembea hatua za ziada mpaka mlangoni.

Sitasema kwamba yote yalinyooka. Mzee Nahashoni alikwenda milimani mara nyingi na majina yale, na kuna mabaraza alikosikilizwa na kuna alikofungiwa mlango. Wengine wa wale wanawake walikuwa wamekwisha kuitwa na Bwana. Wawili niliwaona kwa macho yangu, walipokuja kumtembelea Shosho, wakacheka jikoni usiku kucha kama wasichana. Subira huvuta heri, ingawa mara nyingine huivuta kwa kamba ndefu sana.

Leo mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa, na naketi katika baraza kama lile. Kanisa lina sakafu ya vigae na vipaza sauti, na watoto wetu huongea Sheng ambayo nusu yake sielewi. Maswali hayajaisha. Siku za Mwalimu Eliudi swali lilifika kwa woga na jibu lilikawia miaka. Siku hizi swali linaingia kwenye simu zetu asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana kamati yetu ya habari imekwisha kutunga jibu zuri, lisilo na kosa hata moja, lenye nembo ya kanisa juu yake. Nashukuru kwa wepesi huo, lakini haunitulizi moyo. Hivi majuzi msichana mmoja wa kwaya aliuliza kuhusu wasichana waliopata mimba zamani, wakatolewa mbele ya kanisa huku vijana waliowapa mimba wakiendelea kuimba. Jibu lilikuwa tayari siku ile ile. Niliwaomba wenzangu wasilitume, nikawauliza ni nani kati yetu amewahi kuketi na mmoja wa wasichana hao. Walininung'unikia, nami nikawavumilia, maana mimi pia nilivumiliwa. Mmoja tumempata. Ni bibi sasa, anaishi Komarock, na amekubali kutupokea Jumamosi. Tutabeba sukari na majani ya chai, kama ilivyo desturi ya mgeni. Jibu hatutabeba.