Mume wangu alinifundisha majibu ya uongo ya mtihani wa Life in the UK

Admin, naomba ufiche jina langu, maana mume wangu na ndugu zake wote wanafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Tanga. Naishi Ilford, Uingereza, huu ni mwaka wa saba. Nililetwa huku na mume wangu, yeye ni raia wa hapa siku nyingi. Tuna binti mmoja wa miaka sita, Rehema. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Shule niliishia darasa la saba, Kiingereza cha kuongea nimekipata kazini, ila kusoma bado naenda polepole, neno kwa neno.

Mwenye viza ya ndoa kama mimi, ili apate makazi ya kudumu na baadaye uraia, lazima afaulu mtihani wa Life in the UK. Maswali ishirini na nne ya historia yao, wafalme wao, bunge lao. Kile kitabu cha kujiandaa na mtihani kilinitisha. Baba Rehema akaniambia, "Achana nacho, kitakuchanganya. Mimi niliufanya huo mtihani, nitakuandikia kila kitu." Kweli akaninunulia daftari, akaandika maswali na majibu kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa mwandiko wake mzuri. Jioni tukishakula ananiuliza, najibu. Nikikosea tunacheka. "Mfalme Henry wa Nane alikuwa na wake wangapi?" Nikikwama anasema, "Si anaitwa wa Nane? Basi wanane!" Nilijiona mwanamke mwenye bahati. Wenzangu waume zao hata chai hawawapikii.

Nikafeli. Nikarudia, nikafeli. Mara ya tatu, nikafeli. Pale hawakuonyeshi swali gani umekosa, unapewa matokeo tu. Nilikuwa nalia kwenye basi mpaka nyumbani, naye ananipokea mlangoni, "Usijali mke wangu, kichwa cha mtu mzima kizito. Tutaongeza viza tena, mimi si nipo?"

Tukaomba kuongezewa viza. Wakati majibu hayajatoka, baba yangu akaugua. Ukisafiri maombi yako yakiwa bado yanashughulikiwa, yanahesabika umeyafuta; ningekuwa nimefaulu mapema, ningekuwa na makazi ya kudumu na ningesafiri. Baba alilala wiki tatu hospitali, kila siku anamuuliza dada yangu, "Mdogo wako amefika?" Akafa. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa chini jikoni. Mume wangu alinikumbatia, akanifuta machozi, akasema, "Ni mipango ya Mungu." Naomba muikumbuke sentensi hiyo.

Miezi minne iliyopita nilikuwa kazini namchana nywele bibi mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu. Majina ya watoto wake ameshaanza kuyasahau. Nilikuwa narudia maswali yangu kwa sauti, kwa Kiingereza. Nikasema wake wanane. Bibi akanishika mkono. "Hapana, mpenzi. Sita." Nikamwambia mume wangu ndiye aliyeniandikia. Akasema, "Basi mume wako amekosea."

Nikataka kujua amekosea mangapi. Siku yangu ya mapumziko nikaenda maktaba na daftari langu, nikaomba kile kitabu, nikakaa kuanzia asubuhi nafuatisha kwa kidole. Mengi yalikuwa sahihi. Lakini mji mkuu wa Wales, mtakatifu msimamizi wa Scotland, wajumbe wa House of Lords, lile baraza la juu la bunge lao, wanapatikanaje... yote uongo. Nilipofikia kosa la thelathini na moja niliacha kuhesabu. Nilijaribu kumtetea moyoni, labda amesahau. Lakini mtu anasahau mji mkuu, akaandika mji mwingine na kuupigia mstari mara mbili?

Sikumwambia. Jioni niliendelea kumjibu majibu yake ya uongo, na kila siku kazini yule bibi alinifundisha ya kweli. Wiki mbili zilizopita nimefaulu.

Niliweka karatasi ya matokeo mezani mbele yake. Jamani, hakusema hongera. Aliitazama, uso ukamshuka, akauliza, "Nani amekufundisha?"

Hapo nikajua. Nikamwambia, "Baba yangu amekufa ananiita. Ulinikumbatia ukiwa unajua?"

Akalia. Sijawahi kumwona akilia. Akasema kaka yake alimleta mkewe hapa, mke alipopata makaratasi hakukaa hata mwezi, akaondoka. "Niliogopa. Nilitaka nikucheleweshe kidogo tu, mpaka tuzoeane. Halafu nikashindwa kuacha."

"Mimi ni mke wa kaka yako?"

Tangu siku hiyo analala sebuleni. Mtoto anauliza kwa Kiingereza chake Daddy amefanya nini, namjibu mgongo unamuuma. Mama mkwe amenipigia, anasema mwanaume anayeogopa kukupoteza ndiye anayekupenda.

Ndugu zangu, shida yangu ni hii. Makazi ya kudumu nayaomba kama mke wake, na lazima tuwe tunaishi pamoja. Nikiondoka leo, naweza kurudishwa Tanga, na binti yangu ni raia wa hapa. Nikikaa namchekea mpaka karatasi zitoke halafu niondoke, nitakuwa ndiye yule mwanamke aliyekuwa anamwogopa, na ukoo wake mzima utasema alikuwa sahihi. Nikimsamehe, sijui kaburini kwa baba nitaenda kusema nini.

Fomu iko tayari, imebaki sahihi yake. Jana ameniambia atasaini siku yoyote nitakayotaka, akaniuliza, "Utabaki?" Mngekuwa mimi, mngemjibu nini?