Begi Lililoliza Kijiji

Jua limekwishashika mabati ya Medebber, soko la mafundi, na nyundo zao zimeanza kelele. Zerezghi Habtu amepiga magoti mbele ya baiskeli yake ya mbio kama anayeiomba msamaha. Juu ya gunia ametandaza mabegi matatu: la kufungwa katikati ya fremu, la kuning'inia chini ya siti, na la kukaa mbele kwenye usukani. Anatakiwa kuchagua moja. Amekuwa akichagua tangu juzi.

"Chagua basi, kaka," anasema Abrehet, mshonaji, huku mguu wake ukicheza juu ya cherehani. "Haya ni mabegi, si wachumba. Ukikosea utarudi, nitakushonea jingine."

"Nilikosea mara moja," Zerezghi anajibu bila kuinua kichwa. "Haikushoneka."

Abrehet anasimamisha cherehani. Huwa haisimamishi bure mama huyu.

Zerezghi ana miaka hamsini na minane na miguu ya korongo. Ujanani alishindana mbio za baiskeli hapa Asmara, na akiulizwa kama aliwahi kushinda hujibu kwamba wa kwanza alikuwa mmoja, lakini wa pili walikuwa wengi. Mbio zilipomwacha, baiskeli haikumwacha. Hubeba vitu vidogo kwenda vijiji vilivyo mbali na barabara ya Dekemhare, kule ambako basi humshusha mtu njiani na kumwambia amalizie kwa miguu: dawa za presha, miwani, vifungo, viatu.

Hubeba na mzigo mwingine ambao wenzake wanaukwepa. Hubeba habari za kifo.

Huku mtu hapigiwi simu kuambiwa amefiwa. Habari hupelekwa kwanza kwa mzee mmoja, yeye huwakusanya wenzake kimyakimya, na alfajiri, kabla mfiwa hajaonja kahawa, wanabisha hodi pamoja. "Simu haikai na mtu akilia," anasema Zerezghi. "Inakata, inakuacha na ukuta."

Kwa safari hizo hubeba netsela yake nyeupe ya kujitanda na nguo za kubadili, maana hukaa mpaka mazishi yaishe. Begi lake dogo la kwenye fremu halikutosha, akawa anafunga begi refu jeusi chini ya siti. Hakumtangazia mtu. Watu walijionea wenyewe. Akija na begi dogo, ni dawa. Akija na lile jeusi, ambalo vijijini waliliita mkia, kuna mtu hayupo tena.

"Ubaya wa mkia," anaeleza, "hausemi msiba ni wa nyumba ipi. Wakiuona tu, kila mama anahesabu watoto wake."

Msimu wa mvua uliopita zipu ya begi dogo ilikatika asubuhi ya safari. Alikuwa na viatu vya bibi harusi, vinasubiriwa kijiji cha Adi Shimbra. Akavitia kwenye begi jeusi, akapanda baiskeli.

"Niliona begi," anasema. "Sikuona kitu kingine. Nilikuwa nawaza matope."

Wanawake waliokuwa kisimani waliuona mkia unapanda kilima. Mmoja akatua dumu lake, akatoa ukelele. Kwenye nyumba ya mwisho juu ya kilima alikuwa Adey Tsehaytu, yaani Mama Tsehaytu, kikongwe ambaye mwanawe wa pekee, Mihreteab, alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha na kwa miaka mitatu hakusikika sauti. Adey Tsehaytu hakuuliza. Aliruka juu na kujitupa chini kama wanavyofanya waliofiwa, akajikwaruza mashavu, akamlilia Mihreteab kwa majina yote ambayo mama huyaweka kwa ajili ya siku hiyo. Mara ya tatu kujitupa, aliangukia jiwe la mlangoni. Nyonga ikavunjika.

"Mimi nimeshika kiatu cha bibi harusi juu," anasema Zerezghi, na mkono wake unainuka kana kwamba kiatu bado kipo. "Napiga kelele, viatu! Nimeleta viatu! Nani asikie viatu?"

Harusi ilifungwa bila ngoma. Kumlilia mtu aliye hai, kwa watu wa Adi Shimbra, ni kumchimbia kaburi na kumwonyesha njia. Wazee walimwambia Zerezghi asikanyage tena pale na baiskeli yake. Vijiji vya jirani navyo vikamfungia, na kipato chake kikashuka chini ya nusu. Mkewe alirudi kuuza mayai. Lakini kilichomkosesha usingizi si mayai. Adey Tsehaytu alimtumia salamu kutoka kitandani: "Umemzika mwanangu. Sasa nenda ukamfukue."

Wiki iliyopita mwanamke mmoja aliyerudi kutoka Juba alimtafuta pale Medebber akampa picha. Ndani yake Mihreteab amesimama mbele ya duka la vyakula, tumbo limetangulia.

Angeweza kumpa mtu mwingine aipeleke, na Abrehet alimwambia hivyo. "Picha ingefika," anakubali Zerezghi. "Lakini mimi ningebaki yule yule aliyemzika."

Ndiyo maana anachagua kama anayeogopa. Moyo wa Adey Tsehaytu umekuwa dhaifu tangu siku ile. Akiusikia ukelele mwingine kabla ya kuiona picha, huenda asiwahi kuiona.

"La chini ya siti nimeliweka rangi ya njano," Abrehet anajaribu.

"Hata ulipake asali, ni mkia."

"Haya, ya kuning'inia pembeni nikushonee?"

"Baiskeli ya mbio haina pa kufunga keria, dada. Na visigino vyangu vitayapiga kila nikikanyaga."

"Visigino vyako vingempiga hata punda." Anamsogezea la kwenye fremu. "Hili? Jembamba, magoti hayagusi, mzigo unakaa katikati, baiskeli haiyumbi."

Zerezghi analipima, analirudisha. Ni zuri, anasema, ila linajificha. Njia ya Adi Shimbra inapanda ikimwelekea mtazamaji. Watakachoona kwanza ni usukani na uso wake, na nyuma yake watajazia mkia wenyewe.

Limebaki la mbele. Limeshonwa kwa turubai la kijani la lori, na mfuniko wake una mfuko wa nailoni inayoonyesha ndani, wa kuwekea ramani. Kwa baiskeli nyepesi begi la mbele ni la kuogopwa. Likiwa zito, usukani unakuvuta kwenye mteremko. Abrehet analikaza kwa mikanda mitatu, anahakikisha haligusi nyaya za breki.

"Usitie kitu kizito humu. Utaingia korongoni na tutakosa mtu wa kutuletea habari zako."

"Na huu mfuko wa ramani wa nini? Njia hii naijua gizani."

"Basi weka picha," anasema Abrehet, na anachukua mkasi. "Na lile jeusi nipe nilikate. Nitapata mikanda minne."

Zerezghi analitazama begi jeusi lililoning'inia kwenye msumari ukutani. "Kesho nikirudi," anasema.

Kesho yake ukungu umeondoka mapema kwenye kilima cha Adi Shimbra. Kisimani wanawake wanasimama mmoja baada ya mwingine. Mmoja ameshaziba mdomo kwa netsela. Zerezghi anashuka mbali, mbali kabisa, anaishika baiskeli fremu na siti, na kuiinua juu ya kichwa chake. Anaizungusha polepole, mbele, ubavu, nyuma. Chini ya siti hamna kitu.

Hakuna anayepiga ukelele.

"Ishushe, tumeona!" anaita Aboy Tekie, mzee wa kijiji, kutoka juu. "Hata makalio yake tumeyaona!"

Adey Tsehaytu ameketi mlangoni na fimbo yake. Hamwamkii. Zerezghi anamsogezea baiskeli mpaka usukani unakaribia magoti yake, na kikongwe anainama juu ya nailoni.

"Nani huyu mnene?"

"Mihreteab, Adey."

"Mwanangu ni mwembamba."

"Anauza vyakula, Adey. Naona anaonja."

Anaifuta nailoni kwa pindo la netsela. Anaifuta tena. Kidole chake kinatua kwenye sikio la kushoto la yule mtu wa picha, lililochomoza kuliko la kulia.

"Sikio hili nililivuta mwenyewe," anasema. "Alikuwa mtundu."

Halafu analia, bila kuruka, maana nyonga haimruhusu tena. Wanawake waliomzunguka hawajui wafanye nini na midomo yao.

"Pigeni vigelegele!" anawafokea. "Au mnangoja nife ndipo mshangilie?"

Zerezghi anakalishwa kwenye kigoda. Kahawa inakaangwa, inapikwa, inamiminwa mara tatu kama inavyopasa, na hakuna anayemruhusu kuondoka kabla ya kikombe cha tatu. Ndipo mama mzee anamuuliza lile begi jingine liko wapi.

"Kwa mshonaji. Nataka likatwe, Adey. Sitaki kulibeba tena."

"Pumbavu wewe. Siku mtu akifa kweli, utatuletea kifo kwenye begi la viatu?" Anamnyooshea fimbo. "Tukiona hili la kijani tucheke, na tukiona lile tulie. Usichanganye tena, basi."

Aboy Tekie anaitikia kwa kichwa. Njia imefunguliwa hivyo, bila hotuba.

Jioni Zerezghi anamzuia Abrehet na mkasi wake, na begi jeusi linarudi kwenye msumari, juu kuliko zamani. Kesho atapanda vijiji vingine vilivyomfungia, kimoja kimoja, akiinua baiskeli kichwani kila kilima, mpaka macho ya watu yalizoee begi la kijani. Akiulizwa anatumaini nini baada ya hapo, anautazama ule msumari.

"Vumbi," anasema. "Lijae vumbi mpaka nisahau lilikuwa la rangi gani."